Jua Linapovuruga Tafsiri

Shairi lenyewe lina mistari minne tu. Robert Frost, mshairi wa Marekani, alilichapisha katika diwani yake *Steeple Bush* ya mwaka 1947. Msemaji anazungumzia mchezo wa jukwaani ambao dalili zote zinaonyesha utaendelea kwa muda mrefu mno. Waigizaji wanagombana, lakini kwake hilo si neno. Kinachomtia wasiwasi ni jua, na anataka taa zisilete matata. Basi. Hakuna neno la kumpeleka mtu kwenye kamusi.

Louise Rosenblatt, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha New York, aliwapa wanafunzi wake shairi hilo bila kuwatajia mtunzi. Aliwataka waanze kuandika mara tu wanapoanza kusoma, hata kama hawajaelewa kitu. Kwa kawaida mwalimu huletewa jibu lililokwisha kupigwa pasi; yeye alitaka kuona linavyotafutwa. Aliyoyakuta ameyasimulia katika kitabu chake *The Reader, the Text, the Poem* cha mwaka 1978, na kwangu mimi kurasa hizo chache zina faida kuliko nadharia nzima inayozifuata.

Wengi walianzia kwenye ukumbi wa maonyesho. Wakisikia mchezo na waigizaji, wanamwona mtu wa tamthilia, pengine mtayarishaji, akijipa moyo kwamba kazi yake itadumu. Mambo yakawaendea vizuri hadi mstari wa tatu. Jua linatafuta nini ukumbini? Hapo waliokuwa makini walirudi juu wakasoma upya: mchezo ukawa maisha ya binadamu, jukwaa likawa dunia, magomvi ya waigizaji yakawa vita vyetu, na ile taa ya mwisho ikawa jua lenyewe. Hakuna aliyewanong'oneza. Ni neno moja lililokataa kukaa pale walipoliweka.

Kwa Rosenblatt, shairi si wino ulio kwenye karatasi, wala si mawazo ya msomaji peke yake. Ni tukio linalotokea viwili hivyo vinapokutana. Kuna watu wanaoyasikia haya wakaruka nayo: kumbe kila mtu na maana yake! Hapana. Chukua msomaji wa Dar es Salaam aliyechoshwa na mgao wa umeme. Akifika kwenye taa atacheka, aseme mshairi amemsemea. Kicheko hicho ni halali, tena ni mwanzo mzuri. Lakini tafsiri yake inaipa kazi taa ya mstari wa nne na kuliacha jua la mstari wa tatu likizurura. Tafsiri inayoacha neno zima bila kazi bado haijaiva.

Shuleni kwetu kipimo hiki hakipati nafasi. Mwanafunzi hufungua mwongozo kabla ya diwani, akachota dhamira, ujumbe na msimamo, akaingia navyo kwenye mtihani. Amepata majibu ya maswali ambayo shairi halijawahi kumuuliza. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwenye mashairi huru kama yale ya Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974). Shairi la kimapokeo lenye kibwagizo humrudishia msomaji mstari uleule kila ubeti, likimkumbusha cha kushika. Shairi huru mara nyingi halimfanyii hisani hiyo. Inambidi agundue mwenyewe ni wapi mambo yamegeuka. Mwongozo ukishamwonyesha mgeuko, yeye hakugeuka popote.

Hata hivyo kipimo cha maneno yote kupata kazi hakimalizi ubishi wote. Wasomaji wawili wanaweza kukubaliana kabisa kwamba jukwaa la Frost ni dunia, kisha wakatofautiana kuhusu sauti. Lisome kwa sauti ya babu anayewatuliza wajukuu, nalo ni faraja: magomvi haya yatapita, maadamu jua lipo. Lisome kwa sauti ya mtu aliyeona vita vikuu viwili, ukizingatia ule mwaka 1947, nalo ni kejeli kali: mtu anahofia jua wakati watu wanauana. Katika usomaji wote wawili hakuna neno linalobaki bila kazi, na Frost hakuweka alama yoyote ya kutuchagulia.