Ushauri Nasaha kwa Simu: Mzazi Aliyelemewa Asingoje

Mzazi anayekosa usingizi kwa mawazo, au anayejikuta akimfokea mtoto kila jioni, si lazima awe mzazi mbaya. Huenda amelemewa na msongo wa mawazo, na msaada unaweza kumfikia nyumbani kupitia simu.

Katika ushauri nasaha wa mtandaoni, mhusika huzungumza na mshauri kwa sauti, video au ujumbe, kwa muda waliokubaliana. Mshauri husikiliza bila kulaumu, kisha wawili hao hupanga hatua ndogo ya kujaribu kabla ya kikao kijacho, kama vile kutoka nje na kuvuta pumzi hasira inapopanda.

Kabla ya kulipa, mwananchi aulize iwapo mshauri amesajiliwa kulingana na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014. Atafute mahali pa faragha. Akitumia simu ya familia, afute ujumbe baadaye.

Anayefikiria kujidhuru asingoje kikao: amwambie mtu wa karibu na aende hospitali mara moja. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116 bila malipo, usiku na mchana.