Kupima Afya ya Uchumi kwa Kuwauliza Wafanyabiashara

Hesabu za pato la taifa, ambazo Ofisi ya Taifa ya Takwimu huzitoa kila robo mwaka, huchelewa kwa kuwa takwimu nyingi lazima zikusanywe na kuhakikiwa kwanza. Lakini mwenye duka hutambua mapema kwamba wateja wamepungua. Kwa hiyo wataalamu wa uchumi hutumia pia njia ya haraka zaidi, yaani kuwauliza wafanyabiashara wenyewe. Taasisi ya Ifo ya Munich, Ujerumani, ilianza uchunguzi wa namna hiyo mwaka 1949.

Swali lenyewe ni jepesi: je, mauzo ya mwezi huu yamezidi ya mwezi uliopita, ni yale yale, au yamepungua?

Ichukuliwe kwamba wameulizwa wenye maduka 40 katika kata ya Magamba, mjini Mpanda. Wenye maduka 18 (asilimia 45) wanajibu kuwa mauzo yamezidi. 12 (asilimia 30) hawakuona badiliko. 10 (asilimia 25) wanasema yamepungua. Fahirisi hupatikana kwa kujumlisha asilimia ya kundi la kwanza na nusu ya asilimia ya kundi la pili: 45 + 15 = 60. Fahirisi ikizidi 50, biashara inapanuka. Ikiwa chini ya 50, inasinyaa. Hata hivyo, 60 haimaanishi kwamba mauzo yameongezeka kwa asilimia 60. Huonyesha tu jinsi ongezeko lilivyoenea.

Nchini Kenya, fahirisi ya aina hii hutolewa kila mwezi kwa jina la Benki ya Stanbic. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, ilishuka hadi 34.8.

Kipimo hiki kina hatari zake. Katika sehemu za wakulima kama Mpanda, mauzo hupanda baada ya mavuno hata kama mwaka wenyewe ni mbaya. Lazima athari ya msimu iondolewe. Duka lililofungwa halijibu swali, na mchuuzi asiye na leseni hayumo katika orodha. Wakisahauliwa hao, uchumi unaougua utaonekana mzima, na msaada utachelewa. Aidha, anayemdhania mwulizaji kuwa mtoza kodi huficha ukweli. Ndiyo maana Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri za watoa taarifa.

Wanafunzi waweza kujaribu njia hii katika soko la karibu, wakiyauliza maduka yale yale kila mwezi na kuandika pia yaliyofungwa.