Bastola ya Ulaya au ya Marekani? Jibu Limo Ndani ya Mtutu

Ekero, jirani na Mumias katika kaunti ya Kakamega, leo inafahamika kwa miwa na pikipiki za abiria. Mwishoni mwa karne ya 19 eneo hili lilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alifika katika himaya ya mfalme wa huko, Nabongo Mumia, mwaka 1883, Askofu James Hannington akapita 1885, Frederick Jackson akaja 1889 na Carl Peters 1890. Wafanyabiashara Waswahili wa pwani walikuwa wamewatangulia wote, wakitafuta pembe za ndovu na kulipa, pamoja na bidhaa nyingine, kwa bunduki. Bunduki hizo za biashara zilikuwa hasa magobore. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ilikaa kiunoni mwa mkuu wa msafara.

Pengo hilo kati ya gobore na rivolva liliandikwa kwenye sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Magobore ya jiwe la kiberiti yaliendelea kuruhusiwa, mradi mtutu usiwe na mifereji ndani yake. Wasafiri wa Kizungu waliweza kupewa kibali cha silaha zao wenyewe. Hivyo mkataba uliigawa fizikia kwa ubaguzi. Risasi inayotoka kwenye mtutu laini huyumba hewani, lakini mifereji iliyochongwa kwa mzunguko huizungusha, nayo ikatulia kwenye mwelekeo wake kama pia inayosimama wima kwa sababu inazunguka.

Rivolva ina mifereji hiyo, lakini ina tatizo ambalo bunduki ndefu haina. Risasi hukaa kwenye chumba cha silinda, na mtutu ni kipande kingine. Baruti inapowaka, risasi huruka kutoka chumbani na kuvuka uwazi mdogo, aghalabu kati ya milimita 0.1 na 0.2, kabla ya kuingia mtutuni. Uwazi ukizidi, gesi nyingi huvuja na mwendo wa risasi hupungua. Ukibana mno, masizi huzuia silinda isizunguke. Na chumba kisipolingana sawasawa na mtutu, risasi huingia ikiwa imekwaruzwa ubavu, na shabaha huharibika hata mlengaji awe hodari kiasi gani. Mbelgiji Léon Nagant aliukabili uwazi huo kwa namna tofauti: katika rivolva yake ya 1895, iliyotumiwa sana na jeshi la Urusi, silinda husogea mbele na kuuziba uwazi huo kabla ya kufyatua.

Ushindani wa Ulaya na Marekani ulionekana wazi London mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu. Samuel Colt alileta rivolva zilizotengenezwa kwa mashine. Mwingereza Robert Adams alileta yake, iliyokamilishwa kwa mkono wa fundi. Ya Adams ilikuwa na fremu ya kipande kimoja, imara kuliko ya Colt iliyokuwa wazi juu, na kuvuta kifyatulio kulitosha kuinua nyundo na kufyatua. Ya Colt ilihitaji nyundo ivutwe kwanza kwa kidole gumba, ila ilikuwa nafuu. Mashine ziliishinda mikono kwa bei, na tofauti hiyo haijafutika mpaka leo.

Waingereza waliendelea na njia yao. Webley ya Birmingham, iliyoingia jeshini mwaka 1887, ilivunjika katikati kama bunduki ya kuwindia ndege, ikatema maganda yote kwa mkupuo mmoja. Naiheshimu sana Webley: ilistahimili matope na vumbi, na ilijazwa upya haraka. Lakini bawaba na kufuli yake viliweka kikomo cha shinikizo ambalo fremu ingeweza kubeba. Wamarekani, Colt kuanzia 1889 kisha Smith & Wesson, walichagua fremu nzima na silinda inayofunguka ubavuni. Ndiyo sababu mwaka 1935 Smith & Wesson waliweza kuleta risasi ya .357 Magnum.

Linganisha. Risasi ya Webley ya .455 ina uzito wa gramu 17 hivi na huenda takriban mita 190 kwa sekunde. Magnum ina gramu 10 na huenda kama mita 375. Nishati ya Magnum ni zaidi ya mara mbili, na kwenye umbali wa mita 25 mvuto wa dunia huishusha sentimita 2 tu, ilhali ile ya Webley hushuka zaidi ya 8.

Je, Ulaya imeshindwa? La. Ufaransa ilitengeneza Manurhin MR73, iliyochukuliwa na kikosi maalumu cha GIGN, ambacho askari wake walifyatua risasi nzito katika mazoezi ya kila siku. Ujerumani inatengeneza Korth, ambayo bei yake ni dola elfu kadhaa, mara kadhaa ya Smith & Wesson ya kawaida. Fedha hiyo inalipia saa za fundi, chuma kigumu na vipande vinavyooana bila kuchezacheza, ili silinda iendelee kulingana na mtutu baada ya maelfu ya risasi.

Lakini bei haiongezi shabaha kwa kiwango hichohicho. Kwenye rivolva yenye mtutu wa sentimita 10, kilengeo cha mbele na cha nyuma huachana kwa sentimita 15 hivi. Kilengeo cha mbele kikiyumba milimita moja tu, risasi hukosea karibu sentimita 17 kwa umbali wa mita 25. Rivolva nzuri ya Marekani ikifungwa kwenye meza hukusanya risasi ndani ya eneo dogo zaidi kuliko kosa hilo. Tena kifyatulio kinachoinua nyundo chenyewe huhitaji nguvu ya kilo 4 au 5, na mvuto huo ndio unaoutikisa mkono.

Nchini Kenya, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamtaka raia awe na cheti, na cheti hutaja silaha pamoja na idadi ya risasi. Kwa mwenye cheti hicho, mimi ningechagua rivolva ya Marekani ya bei ya kati, kisha fedha iliyosalia iende kwa mkufunzi wa uwanja wa shabaha. MR73 ningemwachia askari anayefyatua kila siku, maana yeye ndiye atakayeupanua ule uwazi wa milimita 0.2.