Mfumo Ukianguka, Usitafute Mchawi

Kiongozi wa timu ya wahandisi wa programu hupimwa siku mfumo unapoanguka. Siku nyingine anaweza kujificha nyuma ya ratiba na vikao. Siku hiyo wateja wanapiga simu, mkurugenzi kasimama mlangoni, na swali la kwanza litakalomtoka kiongozi ndilo litakaloamua kama timu itamwambia ukweli au itamficha.

Kisa kinachofundisha vizuri zaidi jambo hili ni cha GitLab, kampuni inayowatunzia wahandisi duniani msimbo wa programu zao. Tarehe 31 Januari 2017 kanzidata yake ilielemewa, na seva ya akiba, ambayo kazi yake ni kunakili kila kinachoingia kwenye seva kuu, ikaachwa nyuma. Mhandisi aliyekuwa akishughulikia tatizo aliamua kuisafisha ile ya akiba ili unakili uanze upya. Ilishapita saa 5 usiku kwa saa za London. Akaandika amri ya kufuta saraka ya data, akabonyeza. Sekunde moja au mbili baadaye akang'amua kwamba alikuwa ndani ya seva kuu. Aliikatiza amri papo hapo, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimesalia kama 4.5.

Mabosi wengi hapa wangeuliza: "Nani kafanya?" Jibu lingepatikana kwa dakika moja, asubuhi barua ya kuachishwa kazi ingekuwa mezani, na watu wangeamini kuwa tatizo limeondoka na mhusika. Kumbe lingebaki ndani. Wahandisi wa GitLab walipokwenda kutafuta nakala rudufu za kila siku, ghala lilikuwa tupu. Programu ya kutengeneza nakala hizo ilikuwa toleo la 9.2, na kanzidata toleo la 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikigoma kimyakimya. Barua pepe za tahadhari zilitumwa, ila seva ya barua ilizikataa kwa kukosa saini ya kuzithibitisha. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule alikuwa ameichukua kwa mkono kama saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Huduma ilirejea kesho yake jioni. Msimbo wenyewe ulisalimika kwa kuwa ulihifadhiwa kwingine, lakini miradi ipatayo 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700 viliathirika. Mhandisi hakufukuzwa. Kampuni iliwaruhusu watu kutazama kazi ya urejeshaji moja kwa moja mtandaoni, kisha ikatoa ripoti iliyouliza "kwa nini" juu ya "kwa nini". Mbona nakala hazikuwapo? Mbona hakuna aliyejua? Mbona hazikuwa zikijaribiwa? Mwisho wa maswali hayo haukuwa kidole cha mhandisi kwenye kibodi. Ilibainika kwamba hakuna mtu aliyekuwa amekabidhiwa jukumu la kuzijaribu nakala hizo. Hilo ni pengo la uongozi, na lisingeonekana kama waliohusika wangekuwa wanahofia kibarua chao.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na jambo hilohilo hospitalini katika miaka ya 1990. Wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa, kwa sababu wauguzi wake walikuwa huru kuyasema. Kwa hiyo timu ambayo miezi inapita hairipoti kosa lolote ingenitia wasiwasi kuliko inayoripoti kila wiki.

Ili makosa yasemwe, kikao cha kuchambua hitilafu kifanyike mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Badala ya "kwa nini hukuangalia?", uliza: "Ulikuwa unaona nini kwenye skrini? Nini kilikufanya uamini uko mahali sahihi?" Swali la kwanza huzaa utetezi. La pili huzaa maelezo, na maelezo huzaa marekebisho: GitLab waliamua kubadili maandishi ya skrini ili kila seva ijitambulishe waziwazi. Kiongozi azungumze mwisho, maana akishatoa dhana yake, wadogo wataifuata.

Wapo wanaosema huku ni kulea uzembe. Sikubaliani nao. Anayeficha kosa, au anayekiuka makusudi utaratibu anaoujua, anastahili kuwajibishwa, na timu nzima itaelewa. Lakini aliyeteleza kisha akasema ndiye shahidi wako mkuu. Ukimfukuza, anaondoka na maelezo ambayo hakuna mwingine aliye nayo.

Unayeongoza timu, waulize kesho: nani kati yetu amewahi kurejesha data kutoka nakala rudufu zetu, na lini? Jina na tarehe visipopatikana, mkabidhi mtu kazi hiyo kabla ya kipengele kingine chochote kipya.