Dubu na Pengwini Hawajapata Kuonana

Katika vitabu vya picha tunavyowanunulia watoto wetu, dubu mweupe huchorwa akiwa kando ya pengwini juu ya barafu moja. Mchoro wapendeza, lakini si kweli. Dubu yuko Kaskazini na pengwini yuko Kusini.

Ncha ya Kaskazini ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Ya Kusini ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari. Mwenyezi Mungu (S.W.) amejaalia tofauti hiyo moja izae nyingine nyingi. Kaskazini barafu huelea, nayo ina unene wa mita chache tu. Kusini imelala juu ya bara zima, na kwa wastani unene wake wakaribia kilomita 2. Huko, katika kituo cha Vostok, Julai 1983, baridi ilifikia nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Kwa kuwa Kaskazini imepakana na Asia, Ulaya na Amerika, dubu na mbweha walifika kwa miguu yao, na wanadamu vilevile. Kusini, mnyama mkubwa kuliko wote aishiye nchi kavu tu ni kijidudu kisicho na mbawa, kisichozidi punje ya mchele. Pengwini chakula chake ki baharini. Dume la pengwini mkubwa hubeba yai juu ya miguu yake kwa takriban miezi miwili, katika giza la kipupwe, bila kula. Nasi akina baba hulalamika kwa kuamshwa usiku mmoja!

Kaskazini wako pia ndugu zetu. Mwaka 2010 msikiti wa Inuvik, Kanada, ulisafirishwa kwa lori na tishari takriban kilomita 4,000. Huko jua halizami kwa wiki kadhaa za kiangazi. Maulamaa wamewaelekeza watu wa nchi za namna hiyo kukadiria nyakati za swala na saumu, kwa kuutazama mji wa karibu wenye usiku na mchana, au Makka.

Dubu na pengwini wanashirikiana katika msiba mmoja. Dubu huwinda sili juu ya barafu. Ikirudi nyuma mapema, hukaa ufukweni na njaa. Pengwini mkubwa naye huzalia juu ya barafu ya bahari. Mwishoni mwa 2022, katika bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuogelea. Katika makundi manne kati ya matano yaliyochunguzwa, yaelekea hakikusalimika kifaranga hata kimoja.