Goma: Dakika 10 na mbwa, nafuu kwa mwanafunzi mwenye mawazo mengi

Katika parseli nyingi za Goma, mbwa ana kazi moja tu: kulinda. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, na mgeni akifika mlangoni huuliza kwanza kama ni mkali. Ni wachache wanaokaa naye ili kutuliza roho. Lakini utafiti uliofanywa Marekani unaonyesha kwamba mnyama huyo anaweza kumpunguzia mwanafunzi stresi.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Goma wamebeba mengi. Mei 2021 volkano Nyiragongo ililipuka na wakaaji wengi wakakimbia mji. Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 liliuteka mji baada ya mapigano makali. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege pia, na kupata pesa ya minervali kukawa kazi ngumu kwa familia nyingi. Juu ya hayo yote, mitihani inabaki palepale.

Utafiti huo ulitolewa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Washington State. Wanafunzi 249 waligawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilicheza na mbwa na paka na kuwapapasa kwa dakika 10. La pili liliwatazama wenzao likingoja zamu, la tatu lilionyeshwa picha za wanyama hao, na la nne liliambiwa lingoje tu. Kisha mate yao yalipimwa kujua kiasi cha kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na stresi. Waliowashika wanyama ndio waliokutwa na kotisoli ya chini zaidi. Kutazama peke yake hakukutosha.

Urafiki wa kazi kati ya mtu na mbwa si mgeni Kivu Kaskazini. Mwaka 2011, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa huko Rumangabo, kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mbwa hao walifundishwa kufuata nyayo za majangili, na kazi hiyo haiwezekani kama mbwa na mlinzi wake hawaaminiani.

Hata hivyo, si kila mbwa ni wa kupapaswa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kwa hiyo mbwa wa barabarani aachwe. Afaaye ni yule aliyechanjwa, mpole, na mwenyewe akiwa karibu. Asisumbuliwe akila, akilala au akinyonyesha. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuomba chanjo. Dalili zikishaonekana, kupona ni karibu muhali.

Asiyetaka kumgusa mbwa, kwa sababu ya dini au hofu, anaweza kukaa na paka, ambaye naye alikuwemo katika utafiti ule, mradi naye awe amechanjwa.

Mbwa halipi minervali wala haleti amani. Mwanafunzi asiyepata usingizi kwa wiki nyingi, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji daktari au mshauri wa kisaikolojia. Lakini aliye na mbwa mpole, aliyechanjwa, anaweza kukaa naye dakika 10 kabla ya kufungua silabusi, bila kulipa hata franga moja.