Mugumo wa Westlands na Amana Yetu

Huko Westlands kuna mugumo mkubwa kando ya Waiyaki Way. Mwaka 2020, ilipokuwa ikijengwa barabara ya juu, mti huo ulikusudiwa kung'olewa. Watu wakapaza sauti, na mwezi wa Novemba serikali ikaamuru uachwe. Kwa Wakikuyu, mugumo ni mahali pa dua za wazee wao.

Sisi hatuuombei mti haja. Tunamwabudu Muumba wake peke Yake. Je, asiyeuabudu mti amepewa ruhusa ya kuuangamiza? La hasha! Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu apandaye mti, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama huwa ni sadaka yake. Naye Sayyidna Abubakar (R.A.) aliliusia jeshi lake lisikate miti yenye matunda.

Huko Pemba, wavuvi wa kisiwa cha Misali walikumbushwa amana hiyo hiyo kwa mafundisho ya Qur'ani, ili waache kuvua kwa baruti.

Basi sisi tukiukata mwarobaini wa uani kwa ajili ya kuegesha gari, tutajibu nini kesho mbele ya Mola? Mama, mwanao akivunja tawi kwa mchezo, usinyamaze. Mwambie: hii ni amana. Wabillahi tawfiq.